Mkono wa Wifi

Siku mkono wa wifi yangu ulipoingia kwenye mashine, kwa mujibu wa daftari la kazini aliyeumia ni mimi. Namba arobaini na moja, zamu ya asubuhi, sahihi ipo. Mimi mwenyewe saa hiyo nilikuwa nyumbani nimelala, nimejifunika gubigubi, na sikuota hata ndoto moja ya kunishtua.

Usinihukumu kabla hujanisikia. Au nihukumu tu, wenzako wameshaanza.

Kazi yetu ni kufua na kunyoosha mashuka ya hospitali na hoteli. Joto la mle ndani ukishalizoea, jua la nje unaliona la mzaha. Mashine kubwa kuliko zote ni ya kupiga pasi. Ina rola mbili ndefu za moto zinazozunguka, shuka linaingia upande huu limekunjamana, linatokea upande wa pili limenyooka. Tuliipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu unaihudumia umeinamisha kichwa, huisogelei sana, na ukikosea haisamehe. Mbele ya rola palikuwa na chuma cha usalama, ukikigusa mashine inazima. Sasa chuma kile kilikuwa kinaguswa ovyo ovyo, kazi inasimama, msimamizi anafoka. Mwisho msimamizi mwenyewe akakifunga kwa waya kisiguseke. Na sisi hatukulalamika. Tulifurahi, maana tulianza kumaliza kazi mapema.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Yeye alikuwa zamu ya usiku, mimi ya asubuhi, na ile kazi nilimtafutia mimi. Tuliishi ua mmoja, wao vyumba viwili na watoto wao, mimi kimoja na binti yangu, na binti akiwa bweni mimi ndiye nilikuwa mtoto wao wa kwanza kwa kudeka. Nikikosa chumvi, kwa wifi. Nikiumwa kichwa, kwa wifi. Kaka alikuwa anasema ameoa mke mmoja lakini ameolewa na wawili.

Pale kazini kila mtu ni namba. Namba imeshonwa kifuani kwenye koti, na daftari la mahudhurio liko mlangoni limefungwa kamba kama mbuzi. Lilikuwa daftari la kusainiwa, si la kusomwa. Ukiwa na msiba, au mgonjwa, au uvivu wako tu, unamwambia mwenzako akubebe. Anavaa koti lako, anasaini namba yako, na siku nyingine unambeba yeye. Msimamizi alijua. Alichotaka ni mashuka, hakutaka sura.

Jioni ile nilimwambia wifi anibebe kesho asubuhi. Sikuwa na msiba wala mgonjwa. Nilikuwa nimechoka, basi, nilitaka kulala mpaka mwili ukatae wenyewe. Akacheka, akaniuliza uvivu huu nimeurithi kwa nani. Alimaliza zamu yake ya usiku, akasaini kutoka kwa namba yake, akavaa koti langu, akasaini kuingia kwa namba yangu. Mtu ambaye hakupata usingizi alikwenda kusimama mbele ya Mama Mkwe ili mtu aliyelala usiku kucha aongeze kidogo.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Bibi Sabuni, mzee wetu wa upande wa kufulia. Shuka liliingia na kona iliyokunjika, wifi akapeleka mkono kuiweka sawa. Kila mmoja wetu alikuwa anafanya hivyo mara kumi kwa siku. Mpaka watu wanaifikia swichi ya ukutani, mkono wa kulia ulikuwa umeshaingia hadi kwenye kifundo.

Kwenye gari la wagonjwa Bibi Sabuni aliulizwa jina. Mwanamke yule ana akili za haraka. Akaliona koti, akalikumbuka daftari, akajua akitaja jina la kweli wataulizwa huyu alikuwa anafanya nini pale wakati ameshasaini kutoka. Akataja langu. Alitaka kutuokoa, na mpaka leo sina neno naye.

Kwa jina hilo wifi akalazwa. Kwa jina hilo kampuni ya bima inayohudumia wafanyakazi wa kwetu ikaleta hati ya dhamana siku hiyo hiyo, na operesheni ya kwanza ikafanyika. Daktari alimweleza kaka kwa lugha ya kueleweka. Mkono unaokoleka. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vinaweza kushika tena, kijiko, mwiko, nguo, ila lazima ifanyike operesheni ya pili, na isichelewe. Ikichelewa nyama itaoza, na hapo kitakachobaki ni kukata. Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, mkono ubaki au uende. Mengine yote ni maneno.

Siku ya pili niliruhusiwa kumwona. Mkono ulikuwa umefungwa mkubwa kama mtoto mchanga, umening'inizwa kwenye chuma. Nilisimama pale miguuni pa kitanda. Yeye ndiye aliyeanza.

"Angalau ulilala?" aliniuliza.

Hakuwa ananisimanga. Namjua wifi yangu, akikusimanga unajua. Alitaka kweli kujua kama kile alichonifanyia kilifaa. Nikamwambia nililala. Akasema, haya, vizuri.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa. Kazini nisingeweza kuonekana, maana nimesagwa mkono. Msimamizi alijua ukweli, lakini alikuwa na waya wake wa kuuficha, akaniletea ujumbe kwamba nikae ndani na nifunge mdomo. Kuhusu wifi tulisema, kazini na mtaani, kwamba amekwenda kwao kuuguza. Nikawa nikitoka uani nafunga mkono wa kulia kitambaa, nautundika shingoni. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuja kunipa pole akalia machozi, akanishika lile tambara langu kwa upole kabisa akaniombea. Nikaitikia amina. Nilipokea pole ambazo hazikuwa zangu na nikazila zote. Tukiwa wenyewe, wakati mwingine, mimi na kaka tulikuwa tunacheka. Aliniambia nisije nikasahau nikaufunga wa kushoto.

Ilipofika siku ya ishirini na moja tangu ajali, Bibi Sabuni aliniambia kuna wakili anayewasaidia wafanyakazi bure kila Jumatano, ofisi iko ghorofani juu ya duka la miwani. Kaka alikuwa kazini, wifi wodini. Nikaenda peke yangu.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sweta kwenye joto, meza yake imejaa mafaili yaliyofungwa kwa mipira ya kufungia nywele. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaniambia mambo ambayo sijawahi kuambiwa na mtu. Kwamba haki ni ya aliyeumia, si ya jina lililoko daftarini. Wifi ni mwajiriwa wa pale, aliumia akifanya kazi ya pale, kwenye mashine iliyofungwa waya na msimamizi wa pale, na kubebana kulikuwa desturi inayojulikana. Waje mashahidi wawili, wifi atoe taarifa ya kweli, na bima haitakuwa na pa kutokea. Ila taarifa ya aliyeumia lazima ifike ndani ya siku thelathini. Zilikuwa zimebaki tisa.

Nikamuuliza, na mimi je?

Hakunificha. Alisema naweza kufukuzwa kazi kwa kuruhusu namba yangu isainiwe, na nikiendelea kukaa na hati ya bima yenye jina langu naweza hata kushtakiwa. "Mficha uchi hazai, mama," aliniambia. "Nenda kamchukue mume wa huyo dada, mje kesho asubuhi wote wawili. Kesho, si keshokutwa."

Nilishuka zile ngazi nimeshaamua kusema kweli. Nilipofika njia panda nikaanza kumfikiria binti yangu, mwaka wake wa mwisho bweni, na mimi ndiye baba na mama. Nilipofika sokoni nikakumbuka kwamba operesheni ya pili imepangwa Jumanne ijayo, siku sita tu. Nikajiambia, acha wamfanyie kwanza kwa jina langu, mkono upone, halafu siku ya saba nitasema na zitakuwa bado zimebaki mbili. Hesabu ilikuwa nzuri. Shetani naye ni mwalimu wa hesabu, asikudanganye mtu.

Jioni kaka aliniuliza wakili kasemaje. Alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, anamchana nywele mtoto wao mdogo, kazi ya mama yake, na alikuwa anaifanya vibaya.

"Kasema tusubiri mpaka operesheni ya pili," nilimwambia. "Tukisema sasa bima watafutilia mbali kila kitu."

Kaka akasema kama wakili ndiye kasema, basi. Akaendelea kuchana.

Kaka sikumwambia uongo mwingine kuhusu jambo hili. Huo mmoja ulitosha.

Jumanne ilifika, operesheni haikufanyika. Mashine ya usingizi ilikuwa mbovu, wakaipeleka Ijumaa. Ijumaa walikuja majeruhi wa ajali ya barabarani, vyumba vikajaa, wakaisogeza wiki iliyofuata. Siku ya thelathini niliipitisha nimekaa kitandani, nimeangalia ukuta. Ningeweza kwenda. Miguu nilikuwa nayo, na ule mkono uliofungwa tambara ulikuwa mzima. Nilijiambia wakili atakuwa ameshafunga ofisi, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Sisi hatukufika huko. Siku ya thelathini na tano daktari wa bima alipitia faili kabla ya kuidhinisha tarehe mpya ya operesheni ya pili. Hospitali ilikuwa imempima wifi damu, wakaandika kundi lake. Kazini nako, siku ya kuajiriwa, kila mtu hupimwa. Makundi yetu yakapishana. Damu ni nzito kuliko maji, tunasema, na kumbe ni nzito hata kuliko daftari. Kesho yake barua ikaja: dhamana imefutwa, dai ni la udanganyifu, mgonjwa aondolewe wodi ile.

Hapo nikamwambia kaka twende kwa wakili. Sikuwa na ujanja tena. Njiani nilitaka kumwambia. Kila nikifungua mdomo anaanza yeye, kwamba yule mama alituambia tusubiri, basi lazima anajua njia, hawezi kuwa alituambia bure. Alikuwa na matumaini, kaka yangu. Alitembea haraka mpaka nikabaki nyuma.

Wakili alitupokea, akaisoma barua, akaichukua, tukaenda naye hadi ofisi ya bima siku ile ile. Tulikaa upande mmoja wa meza ndefu. Upande wa pili alikuwa afisa wa madai, kijana mpole, mwenye sauti ya kubembeleza kama anauza kitu. Nilieleza kila kitu, nani alisaini, nani alikuwa wapi. Alipouliza mimi nilikuwa wapi nikasema nimelala. Aliandika hilo neno, nikaliona likikauka kwenye karatasi.

Akasema anatuamini. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kama haya yangefika ndani ya siku thelathini, wangeanzisha dai jipya kwa jina la aliyeumia na operesheni ingeendelea. Lakini sasa dai lenye jina langu ni la uongo, na la wifi limepitwa na wakati. Mikono yake imefungwa. Alisema hivyo kabisa, mikono yake imefungwa, huku ameikunja mizuri miwili juu ya meza.

Wakili alivua miwani. Alinigeukia mimi, hakumwangalia kaka.

"Nilikwambia zimebaki tisa," alisema. "Nilikwambia uje na mumewe kesho yake. Nilikusubiri. Ilikuwaje?"

Nilisikia kiti cha kaka kikisogea. Hakusogea kuja kwangu wala kunipiga, ningeshukuru angenipiga. Alikisogeza tu kiti chake mbali na changu, kadiri ya upana wa mtu mmoja, akakaa hapo akiangalia mbele mpaka mkutano ukaisha.

Wakili hakutuacha. Alisema ataomba muda uongezwe, na waya wa msimamizi atauweka mezani, na anaamini mwishowe wifi atapata haki yake. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema rufaa kama hizo ni miezi minane, mwaka. Daktari wa wodi ya kawaida alikuwa ametupa siku kumi za kutafuta fedha za operesheni. Tukaenda kwa kila mtu tunayemjua na tusiyemjua, na tulichokipata kilikuwa cha dawa, si cha operesheni. Siku ya nane vidole vilianza kunuka. Siku ya tisa daktari akaleta karatasi ya kukubali mkono ukatwe, na kaka ndiye aliyeipokea.

Kazini mambo yalikwenda upesi. Wifi alipewa barua ya kuachishwa, kwa kuingia eneo la kazi nje ya zamu yake. Msimamizi alihamishiwa tawi jingine, na cheo chake. Mimi niliitwa na mkuu wa utumishi, nikafokewa, nikasainishwa onyo, nikaambiwa nirudi Jumatatu kwa sababu wana upungufu wa watu. Nilikuwa nimeuza mkono wa wifi yangu ili nisipoteze kazi, na kumbe kazi yenyewe wala hawakuwa na nia ya kuninyang'anya.

Kaka hasemi nami. Tunapishana uani, ananipisha njia kama anavyompisha mgeni. Wanawe bado wananiita shangazi, lakini wanaangalia kwanza kama baba yao yupo.

Asubuhi ya kukatwa mkono mtoto mkubwa alikuja kugonga mlango wangu. Mama anakuita hospitali, alisema, na uje na kikatia kucha. Nilidhani amekosea ujumbe. Nikakitia mfukoni hivyo hivyo, nikaenda.

Kaka alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Alinyanyuka akaenda mwisho wa korido, akasimama anaangalia nje dirishani. Wifi alikuwa amekalishwa, ameshavalishwa gauni la hospitali, amepungua mpaka mabega yamechongoka. Mkono ulikuwa juu ya mto, bandeji imefunguliwa nusu, vidole viko nje. Sitavieleza. Kucha zilikuwa zimekua ndefu wiki zote zile, na chini yake palikuwa na damu nyeusi.

Nilipiga magoti ubavuni. Nikasema wifi, nisamehe, mimi ndiye.

"Kaka yako ameniambia," alisema. "Sitaki kuzungumza hilo leo. Sijui hata kama nitataka siku nyingine. Nimekuita unikate kucha. Manesi wanaona ni upuuzi, na yeye nikimwambia atalia. Sitaki kwenda nazo chafu."

Nikachukua maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nikavisafisha kimoja kimoja kwa pamba. Vile vitatu vya kwanza, ambavyo daktari alisema vingeshika tena, nilivishika kama vya mtoto anayelala. Nikamuuliza kama anaumia. Akasema hasikii kitu, niendelee. Alikuwa ameelekeza uso ukutani.

Nilikata gumba, nikakata cha pili, cha tatu, cha nne. Nilifika kidole cha mwisho nikaanza kuchelewa. Nilikifuta tena, nikakigeuza kwenye mwanga, nikakwangua uchafu ambao haukuwepo. Magurudumu ya kitanda cha kumpeleka yalikuwa yanasikika yakija kwenye korido, na kaka alikuwa amegeuka kutoka dirishani.

"Kata, wifi," alisema. "Wamefika."

Nikakata.